Mji Uliokuja kwa Vipande

Chini ya kitanda changu hapa Manyatta kuna gari jekundu lililokufa. Lilikuja Desemba ya mwaka juzi ndani ya katoni la kago kutoka Ghuba, limebanwa kati ya maziwa ya unga na mashuka, zawadi ya dada yangu kwa mwanawe. Lilikuwa tayari kabisa. Unatia betri, unabonyeza rimoti, linaondoka. Siku ya kwanza lilikusanya watoto wa ploti tatu. Siku ya nne lilipanda jiwe likaanguka mtaroni. Siku ya tisa lilikuwa linanguruma bila kutembea, kama mdeni anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Fundi wa simu pale Kondele alilifungua, akachungulia, akalifunga. Gia moja ya plastiki, ndogo kama punje ya mahindi, ilikuwa imelika meno. "Hii haina spea, buda," akaniambia. "Hii wanauza nzima, inakufa nzima."

Mwezi uliopita dada akapiga tena. Safari hii hakutuma gari, alituma pesa na ujumbe: "Mnunulie lingine, lakini chagua wewe. Si wewe ndiye ulisomea hizo vitu."

Ujumbe huo niliusoma mara tatu. Ni kweli nilisomea hizo vitu, miaka miwili na nusu ya uhandisi wa mitambo, na aliyelipa karo ni yeye. Kisha kukawa na miezi minne ambapo huko aliko mshahara haukutoka, nikakosa semista. Mshahara uliporudi nilimwambia alipie kwanza shule ya mtoto, mimi nimeahirisha tu. Hiyo "tu" sasa ina miaka mitatu. Hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumwambia.

Kwa hivyo nikaketi na mpwa wangu tuchague. Ana miaka kumi na mmoja, nyumbani tunamwita Jaduong', mzee, kwa jinsi anavyouliza maswali. Alikuwa ameshafanya utafiti kwenye simu yangu na bando zangu. Akanionyesha picha mbili. Moja ni gari limeng'aa, liko tayari. Nyingine ni sanduku lenye mifuko ya skrubu, vyuma, plastiki na karatasi ndefu ya michoro.

"Anko, hii ya pili wanaita kit. Unaunga mwenyewe."

"Kiti?" akauliza mama yangu kutoka jikoni. "Pesa yote hiyo, kiti? Kiko na mto?"

Tulicheka, lakini swali likabaki. Ya kuunga au iliyo tayari? Nilipoanza kutafuta jibu niligundua kwamba mji huu wetu ulijibu swali hilohilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa vyombo vikubwa kuliko gari la mtoto.

*

Kwanza tujue tunachochagua.

Gari la rimoti ni binamu wa mashua. Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya chuma ikielea kwenye bwawa, akaigeuza kushoto na kulia bila waya wowote. Watu hawakuamini macho yao. Hicho ndicho chombo ambacho rimoti zote za leo zinakihesabu kuwa babu.

Magari yalikuja baadaye sana, vifaa vya redio vilipokuwa vidogo vya kutosha kuingia kwenye bodi ya gari la kuchezea. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyokuwa inajulikana kwa vifaru na ndege za plastiki za kugundisha, ilitoa gari lake la kwanza la redio, Porsche 934, na liliuzwa kwa vipande. Miaka ya themanini yakafuata magari ya vumbi, kama Grasshopper na Hornet ya 1984, na kizazi kizima cha watoto wa Japani, Ulaya na Marekani kikajifunza kushika bisibisi kwa sababu yake. Enzi hizo, ukitaka gari zuri la redio, uliliunga. Ndiyo maana kampuni ya Traxxas ya Texas, iliyoanza 1986, ilipata jina kubwa kwa kuuza kinyume chake, yaani gari la viwango vya juu ambalo limeshaungwa kiwandani, unalitoa kwenye sanduku na kukimbiza.

Leo kwa anayeanza kuna milango mitatu, ingawa matangazo yanakuonyesha miwili. Wa kwanza ni gari la kuchezea, kama lile lililo chini ya kitanda changu. Limefungwa kiwandani na halikukusudiwa kufunguliwa. Ubao wa umeme, kipokezi cha redio na mota vimeunganishwa pamoja, kimoja kikiharibika vyote vimekwenda. Wa pili ni gari lililo tayari lakini la wapenzi wa mchezo. Nalo limeungwa, ila kila kitu ndani yake kinafunguka kwa skrubu, na kila kipande kina nambari yake katika orodha ya spea. Wa tatu ni la kuunga. Unapata mifuko, unapata michoro, unapata usiku kadhaa wa kukosea. Difu unaipanga wewe, gia kwa gia, na grisi unaipaka wewe. Mara nyingi sanduku halina rimoti, halina betri wala chaja, hivyo bei unayoiona siyo bei utakayolipa. Wanaoanza wengi huumia hapo.

Wauzaji husema uchague kwa kuangalia haraka yako. Una haraka? Chukua lililo tayari. Una subira? Chukua la kuunga. Mimi nadhani kuna swali linalokuja kabla ya hilo, na kulipata lazima nikupeleke bandarini.

*

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huwezi kupanda na meli kutoka Bahari ya Hindi hadi hapa, na ukijaribu kwa Nile utakutana na maporomoko. Kwa hiyo mtu yeyote aliyetaka meli ya mvuke kwenye Ziwa Victoria mwishoni mwa karne ya kumi na tisa hakuwa na ule mlango wa kwanza wala wa pili. Ilikuwa meli ya kuunga au hakuna meli.

Ya kwanza ya Waingereza iliitwa William Mackinnon, kwa jina la tajiri aliyeanzisha kampuni ya kikoloni ya Afrika Mashariki. Ilitengenezwa na Bow, McLachlan huko Paisley, Scotland, na utaratibu wake ungemfurahisha Jaduong'. Mafundi waliiunga meli nzima kule kiwandani kwa boliti, wakahakikisha kila kitu kinakaa mahali pake, wakaandika nambari kwenye kila kipande, kisha wakaifungua yote. Vipande vikapakiwa kwenye meli kubwa hadi Mombasa.

Halafu kukawa na nchi nzima ya kupita. Reli ilikuwa haijafika. Vyuma vilisafiri bara kwa mabega ya wapagazi, mzigo kwa mzigo. Fikiria mwenyewe kubeba pande la meli kupita Taru na kushuka Bonde la Ufa, usijue hata kipande hicho ni cha mbele au cha nyuma. Ilichukua miaka. Mpaka 1900 ndipo William Mackinnon iliposhuka majini hapa Kisumu.

Reli yenyewe nayo ilikuwa ya kuunga, kipande baada ya kipande, tangu Mombasa 1896. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini, na aliyegongelea pini ya mwisho alikuwa Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji. Ndiyo maana mji huu uliwahi kuitwa Port Florence. Tangu hapo vipande vya meli havikubebwa tena mabegani, vilikuja kwa mabehewa. Mwaka 1902 Winifred ikashuka majini, ikafuatwa na Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga. Zote ni meli za Kisumu, na zote zilifika hapa zikiwa mizigo yenye nambari.

Sasa angalia kilichotokea. Huwezi kuunga meli bila mahali pa kuiungia. Kwa hiyo Kisumu ikapata karakana, ikapata mtelemko wa kushushia vyombo majini na chelezo cha kuvipandisha vikiumwa. Ikapata watu wanaojua kupasha ribiti moto na kuipiga, kukata bamba, kusikiliza boila. Meli ikishaondoka kwenda Entebbe au Mwanza, karakana ilibaki, na watu walibaki, pamoja na ujuzi wao. Meli iliyo tayari isingeacha chochote isipokuwa tiketi.

*

Kama unadhani nayapamba, twende mpaka Kigoma, kwenye ziwa jingine lililokuwa na shida ileile.

Mwaka 1913 Wajerumani walitengeneza meli Papenburg, kwenye kiwanda cha Meyer, wakaiita Graf von Goetzen. Nayo waliifungua, wakaitia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakaipeleka Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa kiwanda, wakiongozwa na Anton Rüter, kuiunga. Ikashuka majini 1915, vita vikiwa vimeshaanza.

Julai 1916 Wajerumani walilazimika kukimbia Kigoma. Amri ikaja meli izamishwe, isiangukie mikono ya adui. Aliyepewa kazi hiyo ni yuleyule aliyeiunga. Rüter na wenzake hawakuilipua. Waliipaka mitambo grisi nene, kila mahali maji yangeweza kula, ndipo wakaizamisha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo na boila zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba, ikabeba watu na dagaa kwenye Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi iliyofuata.

Mimi huwa nairudia hadithi hii kwa sababu ya ile grisi. Aliyenunua meli iliyo tayari anajua kuiendesha. Aliyeiunga anajua pia inavyokufa, kwa hiyo anajua namna ya kuifanya isife kabisa.

*

Na nyumbani kwetu kuna meli moja. Namaanisha kwenye hadithi za nyumbani, maana meli yenyewe tumeshaipoteza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua bandarini wakati RMS Victoria inaungwa. Meli hiyo ilitengenezwa na Yarrow mjini Glasgow, ikafunguliwa kama dada zake wa zamani, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Mama anasema babu hakuwahi kusoma, lakini nambari alizijua, kwa sababu kila bamba lilikuwa na nambari, na ukibeba bamba lisilo lake msimamizi alikutukana kwa lugha mbili. Miaka mingi baadaye, kila akipita bandarini na meli ipo, alikuwa anaonyesha kidole: "Hapo karibu na nanga, kushoto, hapo nilibeba mimi." Hakuwahi kupanda kama abiria.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mali ikagawanywa, Victoria ikaenda Tanzania. Leo bado ipo, Mwanza, imekarabatiwa na kurudishwa kazini 2020. Kidole cha babu kimebaki Kisumu, bamba lake liko Mwanza.

Hadithi hii ina upande mwingine, na nisipousema nitakuwa muongo. Majina ya zile meli unayajua sasa, Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill. Jina la Florence Preston tunalo, pini yake tunayo kwenye vitabu. Waliobeba hatuna. Waliopiga ribiti hatuna. Na kuna kubwa zaidi. Tangu 1900 hadi MV Uhuru, ile meli ya kubebea mabehewa iliyoungwa hapa 1966, ni zaidi ya miaka sitini, na bado kila meli kubwa ilichorwa Scotland. Sisi tuliunga. Michoro ilibaki kwao. Kuunga kulitufundisha kila kipande kinakaa wapi. Hakukutufundisha kwa nini kinakaa hapo, na hakuna aliyekusudia tujue.

Kwa hiyo mtu akikuambia sanduku la kuunga litamgeuza mtoto kuwa mhandisi, mpunguzie. Litamfundisha kufuata maelekezo ya mhandisi mwingine. Ni hatua kubwa, lakini ni hatua ya kwanza.

*

Nchi nayo ilichagua, zaidi ya mara moja.

Katikati ya miaka ya sabini Kenya ilifungua viwanda vitatu vya kuunga magari, Leyland pale Thika, General Motors Nairobi na AVA Mombasa. Magari yalikuja yamefunguliwa vipande, yakaungwa hapa. Ile Peugeot 504 iliyokuwa inakimbia Nairobi–Kisumu na abiria wamebanana, ambayo wazee wakiisema macho yanalowa, iliungwa Kenya hii hii. Mwaka 1986 Rais Moi akataka zaidi. Akakiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama ni baya na la polepole. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa hadharani, magari matano. Sasa hapo hatukuwa tunaunga michoro ya mtu, tulichora wenyewe. Lakini pesa ya kuyatengeneza kwa wingi haikupatikana, na Pioneer ikaishia kuwa kitu cha kuonyeshwa wageni.

Miaka ya tisini soko likafunguliwa, na mitumba ya Japani ikaingia. Magari yaliyo tayari, usukani upande wetu, bei ambayo gari jipya la kuungwa hapa lisingeweza kushindana nayo. Viwanda vikapungua nguvu. Nchi ikachagua lililo tayari, na siwezi kumlaumu mtu. Mwalimu aliyenunua gari lake la kwanza maishani hakuwa anafanya utafiti wa viwanda, alikuwa anataka kufika shule.

Ila hapa ndipo hoja yangu ilipopata pancha, nikalazimika kuifikiria upya. Tembea Kondele, pita karakana za kando ya barabara, halafu uniambie Kenya haijui magari. Vijana wanashusha injini ya Probox kabla chai haijapoa. Walijifunzia wapi? Wengi hawakukanyaga Thika. Walijifunza kwenye yaleyale magari yaliyokuja tayari, kwa sababu yalipoharibika yalifunguka, na spea zilikuwepo, kama si mpya basi za gari jingine lililokufa.

Hivyo mpaka wenyewe hauko kati ya la kuunga na lililo tayari. Uko kati ya kitu kinachofunguka na kitu kisichofunguka. Probox inafunguka. Gari jekundu chini ya kitanda changu halifunguki, au tuseme linafunguka lakini ndani hakuna la kufanya. Yule fundi wa simu aliliona hilo kwa dakika moja, nami na miaka yangu miwili na nusu nilikuwa bado nazunguka.

Na lile swali la kwanza, linalotangulia haraka na subira, ni hili: siku likivunjika, utaenda kwa nani?

*

Kabla sijakuambia tulichonunua, kuna gari jingine lazima litajwe, maana sote tulilianza nalo.

Kabla ya rimoti, mtoto wa Manyatta alikuwa na gari la waya. Waya uliokotwa, mwingine ukatolewa kwenye ua wa mtu na tusiongee sana. Magurudumu ni vifuniko vya soda, au vipande vya ndara zilizokatika vilivyokatwa mviringo. Usukani unatoka juu kwa kijiti kirefu mpaka kifuani, unakimbia nyuma ya gari ukiwa umesimama wima, na mkono ukipinda tairi za mbele zinapinda. Hakuna karatasi ya michoro. Unaangalia lori barabarani, unarudi nyumbani, unakosea, unarudi tena kuangalia.

Wakati huo hatukujua jina lake, lakini tulikuwa wachoraji. Lile lililoikosa Kisumu kwa zaidi ya miaka sitini, sisi tulilifanya kwenye vumbi tukiwa na miaka minane. Halafu tukaenda shule, tukafundishwa kwamba kule kulikuwa kucheza.

Chuoni nilikokotoa uwiano wa gia kwenye karatasi nikapata alama nzuri. Difu halisi sikuwahi kuifungua. Simlaumu mtu kwa hilo, darasa lilikuwa kubwa na vifaa vilikuwa vichache. Nasema tu kwamba nilipoacha, sikuwa na kitu mkononi cha kuendelea nacho peke yangu. Nilikuwa nimekuja nimefungwa kiwandani.

*

Basi, kwa wewe unayetaka kuanza, au una mtoto anayekusumbua, haya ndiyo tuliyokubaliana mimi na Jaduong'.

Usinunue gari lolote kabla hujaona spea zake zikiuzwa peke yake. Tafuta gia ya difu, mkono wa tairi ya mbele, na ile mota ndogo ya kugeuza tairi. Usipozipata, hilo ni la kuchezea hata kama bei yake ni ya mbuzi.

Kama mtoto ni mdogo au hana subira, chukua lililo tayari lakini linalofunguka, la mota ya kawaida ya brashi, maana haina makuu na hukusamehe makosa. Kisha kabla halijaharibika, mpe bisibisi alifungue tairi moja na kuirudisha. Moja tu. Asisubiri msiba ndipo aone ndani.

Kama anaweza kungoja, mpe la kuunga. Hesabu rimoti, betri na chaja kabla ya kulipa. Betri chukua za NiMH, zile za lithiamu zina nguvu zaidi lakini zikitobolewa au zikichajiwa vibaya huwaka moto, na nyumba zetu za mabati hazihitaji sababu nyingine. Rimoti za siku hizi za gigahetsi 2.4 hazigombani. Zile za zamani za megahetsi 27, mkiwa wawili kwenye chaneli moja gari lako lilimtii jirani.

Na mwache akosee. Jaduong' aliuliza, "Nikiweka gia kinyume?" Nikamwambia utafungua tena. Akasema hiyo ni nzuri, lile jekundu halikuwa linakubali kufunguliwa tena.

Tumeagiza la kuunga, la muundo wa zamani na rahisi, skrubu nyingi na umeme kidogo. Pesa ya dada ilitosha sanduku na rimoti. Betri na chaja zitatoka kwenye malipo ya insha hii, kwa hivyo asante kwa kusoma. Sanduku lilifika wiki iliyopita, na Jaduong' amepanga mifuko yote mezani kwa kufuata nambari, A, B, C, hataki mtu aweke kikombe hapo. Mama yangu alisimama akaitazama ile meza muda mrefu. "Hivi ndivyo baba alikuwa anasema," akasema, "kila kitu na nambari yake," akarudi jikoni.

Jumapili dada alipiga kwa video. Mtoto akamwonyesha difu aliyoiunga mwenyewe, akaizungusha upande mmoja ili aone upande wa pili ukizunguka kinyume. Akamweleza kwa nini, kwamba gari likipiga kona tairi ya nje lazima itembee zaidi kuliko ya ndani. Hilo halikuwa kwenye karatasi ya michoro. Mimi ndiye niliyemweleza usiku uliotangulia, kwa kuchora nyuma ya bahasha, na nilishangaa kuona bado nalikumbuka.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba apewe mimi.

"Zilibaki semista ngapi?" akauliza.

Nilitaka kusema nimeahirisha tu. Mezani mtoto alikuwa ameshafungua mfuko D.

"Tano," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia honi ya gari huko aliko, na mtu akiita kwa Kiarabu.

"Tano zinahesabika," akasema. "Nitumie ule ukurasa wa karo. Wa sasa, si wa zamani."